Mawe Yaliyokunywa Shaba

Iraida alipofungua mlango wa nyumba ya marehemu mama yake pale Aguadilla, hata mkoba hakuuweka chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la samaki la sebuleni, na palepale hasira zikampanda. Anemoni wa mama, yule mnyama wa baharini anayechanua kama ua, alikuwa amesinyaa juu ya jiwe lake, mikono yake imegeuka ute mtupu. Kamba wadogo walikuwa wamelala chali mchangani. Samaki ndio waliokuwa wakitamba, buheri wa afya.

Anemoni huyo mama yao, Bi Providencia, alimlisha kwa mkono tangu Iraida akiwa msichana, na hata siku zake za mwisho kitandani alikuwa akiuliza kama amekula. Iraida alikuwa amekwenda Ponce kumhudumia binti yake aliyejifungua, akamwachia nyumba mdogo wake, Heriberto. Alimwomba jambo moja tu: akija samaki mgeni, asimtie kwenye tangi kubwa. Akae kwanza peke yake kwenye tangi tupu la gereji, wiki kadhaa, mpaka ijulikane kama hana vimelea. Sheria hiyo ya Bi Providencia hata majogoo wa jirani waliijua.

Heriberto alitoka jikoni na sahani ya wali wa mbaazi, uso mkunjufu, kama mtu anayengoja pongezi. Akaanza kusimulia, tena kwa madaha. Rafiki yake mzamiaji alimletea isabelita, samaki wa buluu na manjano, mzuri ajabu, na siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kutazama besiboli. Angemfichaje gerejini mrembo kama yule? Muda si muda samaki wote wakatokwa na vidoa vyeupe kama chumvi, wakawa wanahema na kujikuna kwenye mawe. Basi akakimbilia dukani, akanunua dawa ya shaba, akaimimina humo humo tangini. Vimelea kwisha. Samaki hata mmoja hakufa, na majirani wamemsifu.

"Shaba inaua kamba, inaua konokono, inaua anemoni," Iraida alisema. "Mwenye duka hakukuambia?"

Heriberto alijitia kutafuta uma.

"Heriberto, nakuuliza. Hakutaka kujua mna nini humo ndani?"

"Alitaka."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ni samaki watupu." Akaiweka sahani mezani. "Ningesema anemoni yumo, angeniuliza kwa nini sikumtenga kwanza yule samaki mgeni. Na duka lilikuwa limejaa watu, dada, wote wanamjua mama. Ningeuweka wapi uso wangu?"

Ujinga Iraida angeumeza, hata kama ungemkwama kooni. Lakini huyu alijua, akaona bora anemoni wa mama afe kuliko yeye kuchekwa kwenye foleni ya duka. Alimchukia mdogo wake wakati ule, na hakujaribu kujizuia.

"Nitakununulia mwingine," Heriberto alisema, sauti imemnywea. "Mkubwa kuliko huyu."

"Umweke wapi? Mawe yote yameshakunywa shaba. Yataitema kidogo kidogo mpaka mimi nizeeke. Humo hataishi hata konokono."

Akapandisha mkono wa gauni, akaingiza mkono majini. Zamani, kila alipomlisha, anemoni alikuwa akikishika kidole chake na kukivuta. Sasa alimomonyoka vipande vipande vidoleni, akitoa harufu mbaya. Iraida alimkusanya kwenye kitambaa cha jikoni cha mama yake, akakifunga, huku machozi ya hasira yakimtoka.

Kisha akachukua wavu mdogo wa kunasia samaki, akamsukumia Heriberto kifuani.

"Haya, watoe samaki wako. Si wamepona?"

"Niwapeleke wapi?"

"Gerejini. Tangi tupu bado linakungoja."