Maneno ya Chini ya Slaidi

"Usiwaandikie watu," Lisandro alimwambia Zulma. "Watu hawatayasoma maelekezo haya. Iandikie mashine."

Lisandro ndiye bosi wa ofisi ile ya mjini Rosario inayotengenezea makampuni slaidi za mikutano, na mambo kama hayo huyasema akitabasamu, kama mtu anayegawa keki. Alitaka Zulma aandike maelekezo ya programu ya kunakili slaidi, ili mawakala wa akili mnemba waitumie wenyewe bila mkono wa mtu. Ijumaa yangejaribiwa. Wakala akifanya kazi safi, meza ya slaidi, yaani kitengo kinachozinakili kwa mkono, inafungwa. Akivuruga, mambo yanabaki yalivyo, angalau kwa mwaka ule.

Na meza ya slaidi ilikuwa ya akina Mirta. Ni Mirta aliyempokea Zulma akiwa hajui chochote, akamfundisha kazi, akamlisha empanada, zile sambusa za kuoka, alizopika mwenyewe, na sasa alikuwa amebakiza kidogo tu afikie pensheni. Nani mwingine angemwajiri mwanamke wa umri ule? Hakuna. Zulma alilijua hilo, Mirta alilijua, na Lisandro pia, na tabasamu lake lote.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi: unaitajia slaidi, inakutolea pacha wake. Tatizo lilikuwa moja. Chini ya kila slaidi kuna nafasi ya maandishi ambayo watazamaji hawayaoni, na meza ya Mirta ilikuwa na desturi ya kuandika humo kila kitu kuhusu mteja. Bustos wa bima hapendi rangi nyekundu. Yule wa mashamba ya soya amefiwa na mkewe, msimwekee picha za familia. Na matusi, usiseme! Slaidi ikinakiliwa, maneno yale yanahamia kwenye nakala kimyakimya, kwa hiyo ilikuwa lazima yafutwe kabla ya kutuma. Mwaka fulani walisahau, na mwenye kiwanda cha tambi akasoma chini ya slaidi yake mwenyewe: "Huyu kichwa maji anapenda mishale." Alipiga simu akafoka mpaka Mirta akaiweka simu mezani, akaendelea na kazi. Kisa hicho husimuliwa kila wanapochoma nyama ya kufunga mwaka, na kila mara tusi linazidi kunoga.

Sentensi moja ya onyo ndiyo iliyohitajika. Zulma hakuiandika. Miaka yote ya kuandika maelekezo hajawahi kumficha msomaji kitu, na aliona aibu, hata kama msomaji mwenyewe ni mashine.

Mirta alikuja na kibuyu chake cha chai ya yerba, akasoma akiwa nyuma ya bega lake.

"Che, wewe, hapa umeruka kitu."

"Sijaruka, doña Mirta."

Mirta alinyonya mrija taratibu, akaelewa.

"Mwanangu, ujiharibie jina kwa ajili ya kizee kama mimi?"

"Jina gani? Kwani mashine inanijua?"

"Lisandro anakujua."

"Lisandro! Huyo hata jina la mkewe anatazama kwenye simu kwanza."

Mirta alicheka hadi chai ikamwagikia kifuani. "Haya basi," akasema akijifuta, "slaidi za jaribio nitazichagua mimi. Zile chafu kuliko zote." Siku hiyo walikula chakula cha mchana kwa hamu, hamu iliyokuwa imewatoka kwa muda.

Ijumaa meza nzima ilisimama nyuma ya kiti cha Lisandro. Wakala aliyasoma maelekezo, lakini hakuanza kazi. Alinakili slaidi moja, akaifungua nakala, akaichungulia ndani, kisha akaitupa. Baada ya hapo akafanya kazi yote, Lisandro akiwa bado anatafuta miwani. Ripoti ilipotokea, bosi akaisoma kwa sauti:

"Maelekezo hayakutaja kwamba maandishi ya chini hunakiliwa pamoja na slaidi. Nimejaribu na kuthibitisha. Nimeyaondoa kwenye nakala zote. Matusi nimeyafuta. Taarifa zinazofaa kuhusu wateja nimezihifadhi kwa kazi zijazo. Onyo nimeliongeza kwenye maelekezo."

"Matusi?" Lisandro aligeuka.

Zulma aliliangalia lile onyo. Lilikuwa fupi, bayana, na limewekwa palepale ambapo yeye angeliweka. Alitafuta kosa, akalikosa. Chini yake mashine ilikuwa imepanga Bustos na rangi yake nyekundu, mgane wa soya na huzuni yake, yote ambayo wanawake wale waliyakusanya kwa kuwasikiliza watu. Waliipelekea mashine wenyewe, kwa mikono yao.

"Mnaona?" Lisandro alisema polepole, na wazo likamwingia huku wote wakimtazama. "Kumbe hata maelekezo inajiandikia."

Akatoka kwenda kuwapigia simu wamiliki wa ofisi. Wanawake walirudi kwenye viti vyao.

"Nisamehe," Zulma alimwambia Mirta. "Bora ningeandika uongo mtupu."

"Ingeujua tu."

Mirta hakuwa akilia. Alimtazama Zulma kwa huruma, tena huruma ile ya kumtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake.

"Mimi nitajibanza kwa dada yangu kule Paraná, tutagombana hadi tufe. Wewe je, mwanangu, maelekezo nayo ikijiandikia? Wewe utakwenda wapi?"

Wiki nzima ile, Zulma hakuwa amejiuliza swali hilo.