Kichupa cha Mjukuu

Pale kiwanda cha sabuni hakuna aliyemwita mpishi wa kantini kwa jina lake. Alikuwa Mama Mwiko, basi. Mtu wa mdomo, tena mdomo usio na breki. Ukiacha maharage kwenye sahani utamsikia toka jikoni: "We baba, mbona unanisusia? Umepata anayekupikia zaidi yangu?" Watu watacheka, na huyo baba atamaliza maharage yake.

Siku msimamizi alipotangaza kwamba wapishi wote wakapimwe choo, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. "Nipimwe mimi? Mimi ninayelala na sabuni na kuamka na sabuni?" Lakini moyo ulikuwa umeshampasuka. Tumbo lake lilikuwa na mambo. Kwa muda mrefu sasa lilikuwa likinguruma na kujaa gesi, mara linamwendesha mbio chooni, mara linatulia kama si lenyewe. Hakumwambia mtu. Mpishi anayeharisha, nani atakula chakula chake? Angemwaga unga mchana kweupe.

Basi akafanya jambo ambalo hata leo ukimuuliza alilipatia wapi ujasiri, atakutolea macho tu. Asubuhi alimkalisha mjukuu wake kwenye poti, akamsubiri kwa sifa tele. "Kamua, malkia wangu, kamua!" Malkia alipomaliza, bibi mtu akachota kidogo kwa kijiti alichopewa zahanati, akatia kwenye kichupa kilichoandikwa jina lake yeye, akafunga kifuniko. Mtoto wa miaka minne, hali chochote ila maziwa, biskuti na uji mweupe! Tumbo gani lingekuwa safi kuliko hilo?

Mtoto mwenyewe walimwita Kijiko, kwa kuwa alipo Mwiko na yeye yupo. Mama yake, binti wa Mama Mwiko, alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alihamia kwa mama yake ili apate wa kumwachia mtoto akiwa kwenye cherehani. Kijiko alikuwa na tumbo kubwa na miguu miembamba, na gauni la mwaka jana lilikuwa bado linamwenea. Bibi alikuwa na jibu lake, na hakulificha. "Ulimwachisha ziwa mapema," alikuwa akimwambia binti yake, tena majirani wakisikia. "Mtoto hashiki mwili kwa sababu yako wewe." Binti alikuwa akiinama tu na kuendelea kushona.

Majibu yalipotoka, daktari wa zahanati, mama mmoja mwenye miwani na utani mwingi, alimwita ndani.

"Kaa, mama. Una wageni tumboni."

"Wageni gani tena?"

"Minyoo ipo. Halafu wapo wengine wadogo zaidi, huwaoni mpaka kwa hadubini, wanaitwa giardia. Hao wanajibandika kwenye utumbo, na chakula kinapita bila kufyonzwa. Nimeona mafuta yametoka vilevile yalivyoingia. Na unyuzi wa mboga sijauona hata mmoja. Mpishi mzima! Kwani wewe unakula nini, maziwa na biskuti?"

Mama Mwiko akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Ungekuwa mtoto," daktari aliendelea huku akiandika dawa, "ningesema ndiyo maana hukui. Tumbo lingetangulia mbele, miguu vijiti. Lakini wewe, loo, hujakonda hata ukucha!" Akacheka. Kwake ulikuwa utani tu.

Mama Mwiko naye alicheka, kicheko cha kujilazimisha, kisha akauliza kama anayepitisha muda: "Na mtu wa hivyo akipewa maziwa mengi ili anenepe?"

"Mara nyingi unamzidishia gesi na kuharisha. Utumbo ulioumizwa na hao wadudu hauyawezi maziwa mpaka upone."

"Na vile vidonge vya rangi mbili vya duka la dawa, kila tumbo likimkamata?"

Daktari akavua miwani. "Antibiotiki? Bila kupimwa? Mama, humo tumboni kuna bakteria wema, chungu nzima. Wanatusaidia kusaga chakula, na wanambana mgeni asipate pa kukaa. Chakula chao ni maharage, mboga, matunda. Ukiwanyima hivyo wanadhoofika, na ukiwamwagia vidonge ovyo unawaua wao, mgeni anabaki na nyumba. Nani amekuwa akimeza hivyo vidonge?"

"Jirani," akasema Mama Mwiko.

Alirudi nyumbani na vidonge vyake mkobani, na njia nzima hakumwona mtu. Maziwa aliyanunua yeye. Biskuti, yeye. Vidonge vya rangi mbili alikuwa akivifungua yeye mwenyewe, akamwagia unga wake kwenye ulimi wa mtoto, akampa kikombe cha maziwa, akasema kunywa, mama, upone. Mtoto alipokataa maharage, ni yeye aliyesema mwacheni, asilazimishwe. Na lawama zote akambebesha binti yake. Aliona haya mpaka masikio yakamuungua.

Lakini haya na woga vilimkaa kichwani pamoja, na woga ndio uliosema kwanza. Akiungama zahanati, kazi imekwenda. Je, dawa hizi si ni za wadudu walewale? Kuna haja gani ya maneno mengi? Alipofika aliweka kidonge kimoja kwenye kisahani, akashika kisu. Nusu? Mtoto huyu ana uzito gani? Robo? Akakiweka kisu juu ya kidonge.

Kijiko akaja akasimama mbele yake, akapanua mdomo.

"Bibi, hiyo ni yangu?"

Hakuuliza dawa ya nini. Alifumba macho, ulimi nje, akasubiri, kama alivyozoeshwa. Mama Mwiko akauangalia mdomo ule ulio wazi, na kisu kikamdondoka.

"Hapana, mama. Hii si yako. Funga mdomo." Kisha akaangua kilio, na Kijiko, ambaye hakuwahi kumwona bibi yake akilia, akalia naye.

Cherehani chumba cha pili ikanyamaza. Binti alitoka na futi ya kupimia shingoni. "Kuna nini?"

Mama Mwiko alimwambia yote. Kichupa, majibu, maziwa, vidonge vya rangi mbili. Alisema haraka haraka, maana alijua akipumzika hatamaliza. Alitegemea atukanwe, na kusema kweli alikuwa anayatamani hayo matusi.

Binti yake alivua futi shingoni, akaikunja. "Kwa hiyo si ziwa," alisema.

"Si ziwa, mwanangu."

Binti alimbeba mtoto, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake Mama Mwiko alijikaza kisabuni, akaenda zahanati na Kijiko mgongoni na binti yake nyuma. Alipokiri, daktari hakufanya utani hata kidogo. Alimpima mtoto uzito, akampima upya, akampa dawa ya kiasi chake, akaeleza maziwa yasimame kwa muda na maharage yaanze kidogo kidogo, yamepondwa. Kisha akafungua droo, akatoa kichupa kipya, akakisukuma mezani.

"Na wewe sasa. Cha kwako."

Alipoitwa tena ndani, alijua kabla ya kuambiwa. Minyoo hakuwa nayo, ila giardia walikuwepo.

"Ni mimi niliyempa?" aliuliza.

"Hilo hadubini haisemi. Mnakaa nyumba moja, mnakunywa maji mamoja. Nani anamlisha?"

"Mimi. Kwa mkono."

Daktari akamwambia vile vidonge alivyopewa sasa avimeze mwenyewe. Tumbo la Mama Mwiko lilianza kunguruma kabla binti yake hajahamia pale na mtoto. Siku walipofika, Kijiko alikuwa na mashavu. Bibi mtu alikumbuka mashavu yale, jinsi alivyoyafinya mlangoni. Alikumbuka pia mara ngapi alitoka chooni akakimbilia sufuria isiungue, akapangusia mikono kwenye khanga. Na nyumba imejaa sabuni!

Majibu yalipofika kiwandani, msimamizi alimwambia akae mbali na jiko la kantini mpaka apimwe na kuonekana safi. Alimwambia mbele ya wenzake wote, na Mama Mwiko akavua aproni, akatoka.

Haikupita muda tumbo la Kijiko likaanza kushuka, na njaa ikamjia. Jioni moja binti aliweka mezani sahani ya maharage yaliyopondwa na mchicha, akampa mtoto kijiko. Mtoto akakisukuma.

"Nataka bibi anilishe."

Binti aliiangalia sahani, kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi kwenye mkeka.

Mama Mwiko aliinuka, akaenda kwenye bomba. Alipaka sabuni viganjani, juu ya mikono, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko. Akasuuza. Nyuma yake mtoto alikuwa ameshapanua mdomo, anaita, "Bibi! Bibi, njoo!"

"Na kucha, mama," binti alisema bila kugeuka.

Mama Mwiko akachukua sabuni tena.