Jina Lililookotwa Nyuma ya Tanuri

…na bado hana koti, Ghislain anamwona vizuri kutoka huku nyuma, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa tanuri la kijiji kama afanyavyo kila tarehe kumi na moja Novemba kwa sababu ya nyonga, na kule mbele ya mnara wa mashujaa mjukuu wake Maëlys amesimama na sweta tupu, karatasi mkononi, anasoma majina ya waliokufa vitani, "Allombert, Claudius," na uwanja mzima unajibu kwa pamoja, "Alikufa kwa ajili ya Ufaransa," na ile karatasi inatikisika, upepo hakuna, bendera zimelala kwenye milingoti yake, ni mkono huo unaotikisika, mtoto ana baridi, na aliyemvua koti ni nani kama si babu yake mwenyewe, saa moja iliyopita, mezani, kahawa ikiwa bado inafuka kwenye bakuli… "Baba, vioo vya magari vina barafu na huyu kaja kutoka Lyon na kisweta tu," alisema Corinne, binti yake, akiwa ameshafungua lile kabati ambalo halifunguliwi, na Ghislain kabla ya kugeuza shingo alijua ni koti lipi, la buluu, la mwanawe Bastien, miaka kumi na tisa limekaa humo na nondo hawajaligusa kwa sababu yeye mwenyewe hubadilisha majani ya lavenda kila kiangazi na hamwambii mtu, na alipogeuka mtoto ameshalivaa, mikono imemeza vidole, anacheka, "Babu, limenikaa? He, na mfukoni kuna tiketi ya sinema!"… "Berthelon, Joseph"… alikufa kwa ajili ya Ufaransa… tiketi ya sinema, miaka yote hiyo kumbe kulikuwa na tiketi ya sinema humo na yeye hakujua, hakuwahi kutia mkono mfukoni, filamu gani, na nani, na mtoto akaendelea tu kusema, koti mwilini, mkate mdomoni, "Halafu Babu, Jumatatu naenda ofisi ya meya, sheria mpya inaruhusu, ukishakuwa mtu mzima unachukua jina la mama, mara moja tu maishani, basi mimi nachukua. Nitaitwa Chaudepierre kama ninyi," na akasubiri, alisubiri afurahiwe, uso wote ulikuwa wazi kama dirisha, na yeye akasema, "Vua." "Nini, Babu?" "Vua hilo koti. Na jina liache lilipo. Jina si koti la mjomba wako uliokote kabatini uvae." Corinne akasema "Baba!" na mtoto akavua, bila haraka, akairudisha tiketi mfukoni, akalitundika koti kwenye kiti, akalinyoosha bega, akatoka, kwa sababu alikuwa amemwahidi meya kwamba atasoma, shule ya kijiji imefungwa siku hizi na vijana wa kusoma majina wanaombwa kutoka mjini… "Bévoz, Marius"… alikufa kwa ajili ya Ufaransa, wanasema wote, yeye hasemi, midomo anaichezesha, toka Bastien azikwe hajajibu hata mwaka mmoja, anakuja, anasimama, anavua kofia, lakini sauti haitoki, kwa sababu hawa wana mnara na meya na mshipi wake wa rangi tatu na watu wa kuwajibia, na mwanawe aliyeteleza na pikipiki kwenye majani yaliyolowa pale konani chini ya kinu anajibiwa na nani, Bastien hakufa kwa ajili ya kitu chochote, alikuwa anarudi nyumbani kula, meza ilikuwa imeshaandaliwa… "Wa kwetu huyo anakuja," ananong'ona Aimé Burlat pembeni yake, pumzi yake inanuka tumbaku, "kaa sawa mzee, halafu ni zamu ya kwenu," na kweli, "Burlat, Francisque," na Aimé anajibu kwa sauti kubwa kuliko wote kama mtu anayeitwa darasani, halafu anapiga chafya, huyu Aimé, huyu huyu aliyetoa simu Jumamosi iliyopita kwenye baa na kuandika jina la kila mtu aliyekuwepo, kuna ukurasa unakuambia jina lako limezaliwa mara ngapi nchini, miaka kwa miaka, pamoja na ramani, Burlat wapo kibao, Ufaransa imejaa Burlat, akajisifu akaagiza glasi nyingine, halafu akaandika Chaudepierre na akacheka mpaka akakohoa, "Tazameni jamani, nchi nzima nyeupe, doa moja tu, ni hapa hapa kwetu! Kipindi cha mwisho wamezaliwa wangapi? Wawili! Mbwa mwitu tuliwamaliza, leo wamerudi milimani mamia kwa mamia, ninyi mnashindwa hata na mbwa mwitu, ndugu yangu, hebu fanya bidii!" na baa ikacheka, na Ghislain akacheka nao, angefanyaje, akalipa, akatoka, na njia nzima lile neno likawa linatembea naye, wawili, wawili, Corinne na Bastien, kipande cha simu kinajua kwamba walizaliwa wawili na hakijui kwamba mmoja… kwa hiyo hesabu sahihi ni yeye, na Corinne, na binamu yake mtawa kule Belley ambaye siku hizi hata jina lake mwenyewe halikumbuki, basi, halafu doa litafutika kwenye ramani, na alipofika mlangoni akiwa na ufunguo mkononi aligundua kitu kilichomwogopesha, kwamba alikuwa ameona afadhali, ndiyo, afadhali liishe, Bastien awe wa mwisho, asije mwingine nyuma yake akakaa kwenye kiti chake, jina lifungwe kama lile kabati na ndani yake lavenda… "Carron, Eugène"… alikufa… harufu ya sukari na krimu inapita, nyuma ya ukuta huu wanaoka, kina mama wa kamati waliwasha tanuri tangu jana ili baada ya sherehe watu wapate mikate bapa ya sukari na glasi ya mvinyo mwekundu wenye mapovu, kila mwaka ni hivyo, kwanza wafu kisha mkate, na joto limeanza kupenya kwenye mawe, limeshafika kwenye fulana, sasa linaingia kwenye mifupa ya kiuno pale panapouma, na ni raha, aibu kusema lakini ni raha, mtoto anatetemeka kule na yeye huku anaota moto… bibi yake Zélie alikuwa na jiwe, ndiyo, jiwe la mtoni, bapa, alilipasha jikoni jioni, akalizungushia kitambaa cha flaneli na kulisukuma chini ya blanketi miguuni pake, chumba kile kilikuwa na barafu kwenye kuta, na akimfunika alikuwa akisema, "Haya, lala na ndugu yako," na Ghislain akauliza, alikuwa na miaka sita au saba, "Bibi, kwani jiwe ni ndugu yangu?" "Ndugu yako kabisa, ninyi nyote mmetoka kwenye jiwe, usimsikilize babu yako," kwa sababu babu Hippolyte yeye alikuwa na hadithi yake, kwamba Chaudepierre walikuwa mabwana wa ngome ng'ambo ya mto, ngome yenye sakafu ya mawe yanayopashwa moto, na baba wa Ghislain akaiona ngome kubwa mno akaipunguza ikawa tanuru ya chokaa, wachoma chokaa, watu wa kazi, lakini Zélie aliolewa tu kwenye jina hilo, hakuwa na sababu ya kulipamba, "Ngome! Ngome gani! Mtu wenu wa kwanza aliokotwa. Februari, theluji mpaka magotini. Mwanamke wa zamu ya kuoka alizunguka nyuma ya tanuri kufuata kuni, akakuta gunia linalia. Limewekwa juu ya jiwe, pale ukutani panapopata moto zaidi. Padri akauliza, huyu mtoto wa nani? Yule mwanamke akasema, wa jiwe la moto huyo, si mnamwona. Likaandikwa hivyo hivyo, Chaudepierre, jiwe la moto. Hiyo ndiyo ngome yenu," na yeye chini ya blanketi, vidole vya miguu juu ya flaneli, akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza, "Na mama yake je?" na Zélie akazima taa, na gizani akasema, "Mama yake alijua tanuri linawashwa siku gani. Wewe ungemweka wapi?"… wewe ungemweka wapi… na sasa, hapa, nyonga ikiwa imelegea kwa joto, Ghislain anageuza macho bila kugeuza kichwa, kwa sababu majina yakisomwa hakuna anayesogea, na anaona kuni zimepangwa mkono wake wa kushoto, na njia ya kuzunguka kutoka mlangoni, na jiwe linalotokeza ukutani usawa wa goti ambalo kila mwaka anaegemeza kisigino chake, miaka yote hii alidhani amechagua mahali hapa kwa ajili ya nyonga… nyuma ya tanuri ni hapa, hakuna nyuma nyingine, mnara ndio uliokuja baadaye… alikuja usiku yule mama, au alfajiri, akatembea kwenye theluji na gunia, akapapasa ukuta kwa kiganja, si hapa, si hapa, hapa, akapata penye moto, akamlaza, jina hakumpa, pengine alikuwa nalo moyoni akaondoka nalo, na baba wa mtoto hatajwi, Zélie hakumtaja, hakuna aliyemtaja, baba alikwenda zake… na Delmotte nalo ni jina gani, jina la Maëlys kwenye kitambulisho, jina la kijana mmoja aliyechukua begi lake mtoto akiwa na miaka miwili na tangu hapo ni kadi moja ya Krismasi, mwaka mmoja inakuja, miaka mitatu haiji, na mtoto amebeba hilo kwenye daftari, kwenye mitihani, kila mwalimu mpya akimwita anaitikia jina la mgongo wa mtu anayeondoka, na hakulalamika hata siku moja, mpaka leo asubuhi, na hata leo hakulalamika, aliomba tu… na Corinne alikuwa na mimba yake siku ya mazishi, Mungu wangu, hilo nalo alilisahau, alisimama kaburini na tumbo lake na lile koti la buluu mabegani, lile lile, kwa sababu ilikuwa mvua na lake halikufunga vifungo, kwa hiyo mtoto ameshawahi kukaa ndani ya koti lile, kabla hajazaliwa, mbele ya jeneza… "Chaudepierre"… ni sauti yake, jina la kwao limo mdomoni mwake, "Chaudepierre, Anthelme," na uwanja unajibu, alikufa kwa ajili ya Ufaransa, "Chaudepierre, Joannès," meno yanagongana, inasikika mpaka huku, alikufa kwa ajili ya Ufaransa, ndugu watatu, wa nne alikuwa mdogo mno kwa bunduki, ndiye Hippolyte, ndiye aliyepona, ndiyo maana ramani ni nyeupe, "Wa kwenu hao," ananong'ona Aimé, na safari hii hacheki, amevua kofia, "maskini, watatu," na "Chaudepierre, Philibert," anasema Maëlys, na sauti inakatika katikati, anaimeza, anairudia, "Philibert," hainui macho, asubuhi alikuwa anakuja nalo jina hili kama mtu anayekuja na zawadi, akaambiwa vua… mtoto aliyeachwa alipata jina kwa sababu alikuwa na baridi na mtu mmoja aliyekuwa anafuata kuni akafungua mdomo, mtu ambaye hakuwa ndugu yake, akamfunika nalo, na wakazaliwa kutoka humo wachonga mawe na waezekaji na watatu wa mnarani na Bastien, Bastien pia, Bastien alivaa kilichookotwa nyuma ya tanuri, likamkaa vizuri, alicheka ndani yake miaka ishirini na mitatu… na mimi nina koti, anawaza Ghislain, nina koti la sufu mwilini na lingine kwenye kiti nyumbani, na nimeegemea moto, na yule mama wa gunia alikuwa hana kitu na bado alipapasa ukuta… alikufa kwa ajili ya Ufaransa, wameshajibu wote, wamemaliza, kimya kimeingia, karatasi inatikisika, na katika kimya hicho sauti moja iliyochelewa, iliyokwaruza, inasema peke yake, "Alikufa kwa ajili ya Ufaransa," na Aimé anageuka kumtazama, na meya anatazama, na Ghislain ndipo anajua kuwa ni ya kwake, na kule mbele Maëlys amenyanyua macho, anamtafuta kwenye kofia na mabega, anampata, mara moja tu, pua nyekundu kwa baridi, halafu anarudi kwenye karatasi kwa sababu lazima arudi, "Chevrolat, Antonin"… yamebaki mengi, orodha inakwenda mpaka V, na hakuna anayesogea majina yakisomwa, tangu mnara ujengwe hakuna aliyewahi kusogea, "Mzee, unafanya nini," ananong'ona Aimé, "mzee, ngoja kwanza wamalize," "Cottin, Jean-Marie"… alikufa kwa ajili ya Ufaransa, anajibu Ghislain pamoja nao, kwa sauti, na vidole vyake viko kwenye kifungo cha tatu cha koti lake, cha kwanza na cha pili vimeshafunguka, na baridi inaingia kifuani, na nyuma yake, pale mgongo ulipokuwa, jiwe bado lina moto.