Bakuli la Gideoni

Waingereza walipomchukua mwanangu Gideoni kwenda kupigana na Wajapani, alimwacha mkewe Ruthi akiwa na mimba. Mtoto alizaliwa salama, lakini habari za baba yake zikakatika. Ruthi akaacha kula, na maziwa yakaanza kukauka.

Nilimpikia uji wa ulezi, akauonja tu. Jirani yetu Dorkas akaja amejitwika kuni zake mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Gideoni."

"Marahaba, mwanangu."

"Mpikie ndizi na maharage, uponde, utie samli. Mimi ndizo zilizonirudishia maziwa."

"Wewe ungekula hata mafiga!" akacheka wifi yangu Zipora, aliyetoka kijiji cha Vudee. "Huyu apikiwe makande, yatiwe magadi mpaka yalainike."

Tukayapika tangu asubuhi. Harufu ilipojaa nyumba, Ruthi akainuka kitandani, akasema, "Mama, nipe kidogo."

Dorkas akashika upawa kwa furaha. Kwetu baba wa nyumba hupakuliwa kwanza, na mkono wa Dorkas ukafuata mazoea. Akajaza bakuli la Gideoni, akaliweka mahali pake karibu na mlango.

Ruthi akalitazama likifuka mvuke. Nilipomletea lake hakulipokea. Akageukia ukutani.

Dorkas akaanza kulia. "Si kosa lako," nikamwambia. Zipora akalifunika lile bakuli kwa jani la mgomba, polepole, kama anayefunika mtoto.

Mjukuu wangu akaamka na njaa. Nikampakata, nikampa kidole anyonye. Sikujua tena nipike nini.