Sombe ya Papa Baudouin

Mariette alipoanza mafunzo ya uzamili ya ufamasia wa hospitali hapo Mbarara, walikuwa wawili tu katika mwaka wao. Baada ya miezi michache mwenzake akapata kazi Kampala, akaaga. Mariette akabaki peke yake. Asubuhi alizunguka wodini pamoja na madaktari, akikagua dawa za kila mgonjwa. Mchana alikula kantini, kiti kikiwa kimeelekea dirishani, watu wasione kwamba hana wa kuongea naye. Madaktari waliokuwa mafunzoni walikuwa kundi kubwa, wakitaniana kwa Kinyankole. Yeye alikielewa, ila kwa kuchelewa, wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka.

Alikuwa Mkongomani wa Fizi, amekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mama yake na wadogo zake walikuwa wamehamishiwa Kanada mwaka uliotangulia. Faili lake lilitenganishwa na la familia alipoingia chuo kikuu, na lake halikuitwa. Tangu alipowasindikiza kwenye basi hakuwa amekanyaga tena kambini. Alipanga chumba Kakiika, na majirani zake hapo aliwajua kwa sauti za redio zao tu.

Papa Baudouin alikutana naye kwenye kliniki ya moyo. Alikuwa mzee mjane kutoka Nakivale, mkulima, na moyo wake ulipiga ovyoovyo. Alipewa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo haitaki mzaha: ikizidi nguvu mtu anavuja damu, ikipungua damu inaganda na kumuua. Siku hiyo kipimo cha damu yake kilikuwa chini: dawa haikuwa na nguvu ya kutosha.

"Unakula nini nyumbani, papa?" Mariette alimuuliza.

Mzee akatabasamu kusikia Kiswahili cha kwao. "Bugali na sombe. Sombe mingi! Jirani ananipikia."

Mariette alikumbuka alichosoma: majani ya kijani, kama hayo ya muhogo yanayopikwa sombe, huipunguzia dawa hiyo nguvu. Foleni nyuma ya mzee ilikuwa ndefu.

"Basi sombe uache, papa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mzee aliporudi kliniki wiki chache baadaye, alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Fizi za meno yake zilivuja damu na mikono ilikuwa na mabaka meusi. Kipimo kilikuwa kimepanda kupita kiasi, akalazwa siku hiyohiyo.

Dakta Tumuhairwe, mfamasia aliyemsimamia Mariette, alimwita kando. Hakupandisha sauti.

"Siku ile daktari alimwongezea dozi, na wewe ukamwondolea majani," alisema. "Mtu wa warfarini haachi mboga. Anakula kiasi kilekile kila siku, na sisi tunaipima dozi kufuatana na chakula chake. Uliuliza ni nani anayempikia?"

"Sikuuliza."

"Nenda ukamuulize."

Mariette alivuta kiti karibu na kitanda cha mzee. "Papa, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuumiza."

"Weye ulisema niache, nikaacha."

"Ukawa unakula nini?"

"Bugali na chumvi. Siku ingine chai tu."

"Na yule jirani?"

Mzee alitazama ukuta. "Mama Liliane alileta sahani, nikairudisha. Akaleta tena, nikairudisha. Sasa hapiti kwangu. Hakuna mutu anapita."

Muuguzi alifika na trei ya dawa, Mariette akampisha. Usiku huo hakupata usingizi.

Mzee aliruhusiwa kurudi nyumbani wiki iliyofuata. Jumamosi Mariette akapanda gari la Nakivale. Njia ya kwenda kwa mzee ilipita mbele ya nyumba waliyokuwa wakikaa na mama yake. Mlango ulikuwa na pazia jipya, na mwanamke asiyemjua alikuwa nje akisugua masufuria kwa majivu.

"Unatafuta nani?" mwanamke yule aliuliza.

"Hakuna, mama. Napita tu."

Alipita, hakugeuka nyuma.

Mama Liliane alikuwa uani kwake akitwanga majani ya muhogo. Mariette alipotaja jina la Papa Baudouin, mchi ukasimama.

"Ule muzee ananizarau," Mama Liliane alisema. "Mutu akirudisha chakula chako mara mbili, anataka kusema nini? Kwamba unamutilia sumu! Batu hapa baliona. Nilisikia haya, dada yangu, mpaka kisimani sikutaka kwenda."

Mariette hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Alichuchumaa karibu na kinu. "Kosa ni langu, mama, si lake. Mimi ndiye niliyemkataza, kwa ajili ya dawa, na nilimkataza vibaya. Anaweza kula sombe. Kidogo, kila siku, kiasi kilekile."

"Kila siku?" Mama Liliane alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Kumbe musawo, daktari muzima, umekuja kuniozesha muzee!"

Jioni walikwenda pamoja, Mama Liliane akibeba sufuria na Mariette kijiko cha kupakulia. Papa Baudouin alifungua mlango, akamwona jirani yake. Akamgeukia Mariette.

"Naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa, papa. Kijiko hiki kimoja, kila siku."

Walikula watatu kwenye mkeka. Walimwomba alale, lakini Jumapili alikuwa na zamu.

Ilichukua miezi, ila kipimo cha mzee kilitulia. Mariette alikieleza kisa hicho mbele ya madaktari, kosa lake akiwa amelitaja kwanza. Hakuna aliyecheka. Dakta Tumuhairwe alimpa mkono, kisha watu wakaenda kula na yeye akabaki akichomoa waya za projekta.

Katika kliniki ya mwisho daktari alimwambia mzee kwamba hahitaji tena kuja mara kwa mara. Papa Baudouin alifurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba.

"Na weye utakuja lini kwetu?" alimuuliza Mariette.

"Nikipata nafasi, papa."

"Nafasi haipatikanake. Ukuje tu."

Alimsindikiza mpaka getini, mzee akapanda boda, akapunga mkono bila kugeuka. Mariette alirudi ndani kumwita mgonjwa mwingine.

Jumamosi iliyofuata hakuwa na zamu. Alifua nguo, akajilaza kidogo, na alipoamka jua lilikuwa limeshuka na gari la Nakivale limeshaondoka. Akampigia mama yake. Kule Kanada kulikuwa mchana.

"Nashuka kwenye basi, mwanangu," mama alisema kwa haraka, upepo ukivuma kwenye simu. "Nitakupigia."

Mariette aliiweka simu kwenye mto, sauti ikiwa juu, akakaa kando yake kusubiri.