Iwapo Yupo Aliyeguswa

Mwaka ule mjini Kindu hakuna mwanamichezo aliyeomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya Maître Florentin, wakili. Serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu, kwa hiyo hadharani aliitwa Citoyen Lukali, yaani Mwananchi Lukali, lakini wateja wake walimwita Florentin kama zamani, naye aliitikia majina yote mawili kwa sauti ileile tamu. Alimwandikia mcheza mpira aliyempiga refa kofi. Alimwandikia bondia aliyemtukana mwamuzi. Karatasi ilikuwa moja, akibadilisha jina na tarehe tu, na watu walikuwa wameizoea mpaka wauza samaki waliisema kwa kichwa. Mtu akimkanyaga mwenzake sokoni alimwambia, "Citoyen, nasikitika kwa dhati," na soko zima likacheka.

Sasa ilikuwa zamu ya Sudi, na Sudi hakuona cha kuchekesha.

Walikuwa watatu dukani kwa Sikuli. Sikuli alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na lori, na pia rais wa timu ya mitumbwi ambayo Sudi alikuwa mshika usukani wake. Maître alisimama katikati ya magunia ya chumvi, abakosti yake, lile koti rasmi lisilo na tai, imenyooka kwa pasi, akasoma:

"'Mimi, mwanamichezo mwaminifu na mwanamapinduzi, nasikitika kwa dhati kwa tukio la tarehe ishirini Mei, ambapo wimbi la ghafla lilisukuma mtumbwi wetu na kusababisha bendera tukufu ya Chama kuanguka majini. Tukio hilo halilingani kabisa na tabia yangu. Na iwapo yupo mtu yeyote aliyeguswa, namwomba apokee masikitiko yangu.'"

"Njo hiyo," Sikuli alisema, akapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Jumapili, siku ya Mungu, unaisoma mbele ya komisere wa zoni, mambo inaisha. Kisha mutumbwi inapanda juu ya lori, tunapita Lubutu, tunaenda kushindana Kisangani. Ukikataa, jina yako inafutwa. Na kufutwa siyo mimi nitafuta."

"Haikukuwa wimbi," Sudi alisema.

"Nani aliona?" Maître aliuliza.

"Mimi."

"Wewe hauko shahidi. Wewe njo mukosaji."

"Kasimu aliona."

"Kasimu alikuwa ndani ya maji, ndugu yangu. Muntu iko ndani ya maji anaona nini?"

Sudi aliipokea karatasi. Alikuwa amenyamaza wiki tatu sasa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Sikukuu ya Chama ilisherehekewa kwa mbio za mitumbwi kwenye Lualaba, na mshindi ndiye angekwenda Kisangani. Mtumbwi wa Alunguli, ng'ambo ya mto, ndio ulioshinda mwaka uliotangulia, kwa hiyo ndio uliobeba bendera ya Chama mbele. Aliyekaa mbele kabisa ni Kasimu. Huyu Kasimu na Sudi walikuwa wamekula sahani moja tangu utotoni na kupiga kafi mtumbwi mmoja miaka sita, mmoja mbele, mmoja nyuma, mpaka Kasimu alipohamia timu ya kwao Alunguli. Siku ile, karibu na mwisho, Kasimu alikuwa anaongoza kwa urefu wa mtumbwi. Sudi aliuona mgongo wake. Kisha, waliposogea ubavu kwa ubavu, akauona mkono wake wa kulia ukishuka na kafi, karibu na ubao. Naye akageuza usukani. Mitumbwi ikagongana, mkono ukabanwa katikati, bendera ikaanguka, na Kasimu akaifuata majini. Mtumbwi wa Sudi ukafika wa kwanza.

Viongozi jukwaani walipiga kelele kwa ajili ya bendera. Watu wawili waliruka kuifuata, na waliporudi nayo walipigiwa makofi. Kasimu alitolewa na wenzake, na hakuna aliyepiga makofi.

Sasa, kwa Waislamu wa Kindu kuomba radhi kuna utaratibu wake, nao hauna karatasi. Anayeomba huenda mwenyewe. Huvua viatu mlangoni, hukaa mkekani, hulitaja kosa lake lote bila kulipunguza. Aliyekosewa hukaa kimya mpaka mwisho. Akikubali hunyoosha mkono wa kulia. Asipokubali huuacha mkono palepale gotini, na mwombaji huvaa viatu vyake akaenda. Sudi aliyajua haya tangu alipoanza kujua chochote. Lakini Maître alimwambia kwamba mwenye kukiri hana wakili duniani anayeweza kumtetea, na Sikuli akamwambia Kisangani, Kisangani, Kisangani. Naye akakaa nyumbani. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa, aliitaka safari ile. Huo ndio ukweli, na ulimtia aibu.

Sudi alikuwa bado amesimama pale dukani na karatasi mkononi wakati mama Mwanvua alipoingia. Alikuwa mama yake Kasimu, mwanamke mfupi aliyemlisha Sudi wali na sombe, yaani kisamvu, miaka mingi kuliko mama yake mzazi. Maître alikuwa amempelekea nakala ya karatasi Alunguli, akidhani amefanya ustaarabu. Mama Mwanvua aliiweka juu ya kaunta.

"Nani aliandika hii?"

"Mama, ni Sudi njo anaomba..." Maître alianza.

"Wewe sikukuuliza." Alimgeukia Sudi. "Mutoto yangu, mimi sijui kusoma. Mwalimu Marceline alinisomea mara tatu. Mara ya tatu nikamuambia, tafuta jina ya Kasimu. Akatafuta. Wimbi iko. Bendera iko. Kasimu haiko. 'Iwapo yupo!' Vidole tatu walikata kule hospitali, Sudi. Iwapo gani tena?"

Sudi aliyakodolea macho magunia ya chumvi.

"Hata kulia haulii," mama yule alisema kwa hasira. "Nitakuambia Kasimu amesema nini. Amesema kama unakuja na karatasi, usivuke."

Akatoka. Maître aliichukua nakala yake, akapuliza chumvi iliyoishika, akaikunja.

"Mama anasema kwa uchungu," alisema. "Sheria haijui uchungu."

Nyumbani, Mwavita, mke wa Sudi, alimsikiliza mpaka mwisho huku akitwanga sombe. Alikuwa na haki ya kumsihi asome, maana bondia mmoja aliyewahi kuikataa karatasi ya Maître hakuonekana tena ulingoni, na kazi yake bandarini iliota mbawa. Aliuacha mchi ndani ya kinu.

"Ukiisoma, utarudi nyumbani, nami nitamushukuru Mungu," alisema. "Lakini usinisomee mimi. Mimi nilikuuliza siku ileile ulifanya nini, na ukageuza uso."

Jumapili ilifika. Ukingoni palijengwa jukwaa la mbao, kinamama wa Chama wakacheza na kuimba kwa vitenge vipya, na komisere wa zoni, mtawala wa eneo lile, akaketi katikati na viongozi wake. Watu walikuwa wengi. Wengine walikuja kwa ajili ya Sudi, lakini tusidanganyane, wengi walikuja kuisikia karatasi. Kasimu alisimama mbele upande wa kushoto, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cheupe na kuegemezwa kifuani. Hakuwa amelazimishwa kuja. Alikuja kusikiliza.

Sudi alipewa kipaza sauti. Akaikunjua karatasi.

"Mimi, mwanamichezo mwaminifu..."

"Na mwanamapinduzi!" watu wakamalizia.

Kicheko kikapita ukingo mzima. Hata kinamama wa Chama waliinama kuficha meno. Sudi akaendelea, masikio yakimwaka.

"Nasikitika..."

"Kwa dhati!" wauza samaki wakaitikia, na Adolphine, mkubwa wao, akaongeza, "Endelea, baba, tarehe usiisahau!"

Komisere aligonga goti lake kwa kidole. Maître, nyuma ya jukwaa, alitabasamu. Kwake kicheko hakikuwa neno, mradi karatasi isomwe. Sudi alisoma tarehe. Akafika kwenye wimbi la ghafla, na hapo akainua macho amtazame Kasimu.

Watu wote walikuwa wanacheka isipokuwa yeye. Kasimu alikuwa ameinua kidevu, anangoja neno linalofuata, na Sudi aliona wazi kwamba akilitamka hatakuwa na pa kuvukia maisha yake yote. Akapiga moyo konde. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Haikukuwa wimbi," alisema.

Kicheko kilikatika.

"Mto siku ile ilikuwa imetulia, wote muliona. Mimi njo niligeuza usukani. Kwa kusudi. Kasimu alikuwa anatushinda, na mimi sikutaka ashinde. Niliona mukono yake iko pale pembeni. Niliiona, na nikageuza. Vidole tatu. Muntu niliyemukosea njo ule pale, jina yake Kasimu. Ile bendera ilikauka siku ileile."

Komisere aliinuka nusu.

"Soma karatasi, citoyen."

"Karatasi ni ya Maître, citoyen komisere. Mumuite yeye aisome. Mimi yangu nimesema."

Mtu mmoja wa Chama alirukia waya wa kipaza sauti akauvuta, ingawa kilichotakiwa kusikika kilikuwa kimeshasikika. Adolphine akapiga kigelegele kimoja, kirefu, kisha akaangalia kando kana kwamba siye yeye. Askari wawili walimshika Sudi mikono. Alipokuwa anapitishwa alimtafuta Kasimu kwa macho, lakini Kasimu alikuwa ameshageuka, anaelekea kwenye mitumbwi ya kuvukia, na mgongo wake haukusema chochote.

Alikaa kasho, kile chumba kidogo cha wafungwa nyuma ya ofisi ya zoni, siku tisa, kwa kosa la kudharau bendera. Siku ya nne Maître alikuja dirishani, abakosti ileile, na karatasi nyingine.

"Hii ni fupi," alisema. "Unaomba radhi kwa kutosoma ile ya kwanza. Komisere atakubali. Sikuli bado anakuhitaji, lori haijaondoka."

Sudi aliitazama kupitia nondo.

"Na mwishoni iko 'iwapo yupo yeyote aliyeguswa'?"

"Iko," Maître alijibu bila hata kupepesa. "Kifungu ya mwisho."

Sudi alicheka. Alicheka mpaka askari akaja kuchungulia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mwezi Mei.

"Maître, nenda nayo. Utamupa mwingine. Badilisha jina tu."

Lakini siku ya sita alilisikia lori la Sikuli likipita barabarani, timu ikiimba juu yake, mtumbwi wake umefungwa kwa kamba, na kijana aitwaye Waziri, aliyemfundisha mwenyewe, akienda kushika usukani mahali pake. Sauti zote alizijua. Aligeukia ukuta akalia, na hakumficha mtu, maana alikuwa ameitaka Kisangani kwa roho yake yote na haikuwa yake tena. Jina lake lilikuwa limefutwa. Askari aliyemletea ugali jioni alimuuliza kwa dharau kama amejuta sasa.

"Kwa Kasimu nimejuta," Sudi alimwambia. "Kwa nyinyi, hapana."

Alipofunguliwa aliogea nyumbani, Mwavita akampa shati lililofuliwa, akampangusa bega ingawa hapakuwa na kitu. Hakumuuliza anakwenda wapi. Sudi alipiga kafi peke yake mpaka Alunguli.

Alivua viatu mlangoni kwa mama Mwanvua. Yule mama alimwona, hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliingia ndani akakunjua mkeka, na kwa kufanya hivyo alikuwa amejibu. Kasimu alikuja akaketi mbele yake, mkono uliofungwa juu ya goti.

Sudi alisema yote tena, bila kipaza sauti na bila watu. Alisema alivyouona mgongo wake na wivu uliomchoma. Alisema alivyouona mkono. Kisha akasema lile ambalo hakulisema ukingoni, kwamba alingoja wiki tatu kwa sababu ya Kisangani, na kwamba wiki zile tatu pia ni kosa, labda kubwa kuliko lile la kwanza, maana usukani aliugeuza mara moja na ukimya aliuchagua kila siku.

Alimaliza. Kasimu hakusogea. Mkono ulikuwa palepale gotini, na Sudi akaanza kufikiria viatu vyake mlangoni.

Ndipo mkono wa kushoto ukainuka. Sudi alidhani, si haba, ndugu yangu atanipa huo, nani angemlaumu. Lakini Kasimu aliutumia kufungua kitambaa, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kikaanguka mkekani. Kilichobaki kilikuwa dole gumba na kidole cha shahada, na ngozi mpya, nyekundu, mahali pa vile vingine. Akaunyoosha.

Sudi aliuogopa. Alileta vidole vyake, akaugusa kwa ncha tu.

"Inauma?"

"Inauma," Kasimu alisema. "Lakini sikukupa ya kushoto. Shika vizuri."

Akaushika wote. Ulikuwa wa moto, na mdogo kuliko ule aliouzoea, na hakuuachia mpaka Kasimu mwenyewe alipouondoa.