Gramu Kumi za Mlimani

Pale kwenye kiwanda cha dawa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Gramu, basi. Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya mizani, akipokea unga wa dawa, akiupima na kuuandika daftarini. Marehemu mumewe alizoea kuwaambia wageni kwamba kwake hata chumvi haitiwi mchuzini mpaka ihesabiwe chembe kwa chembe.

Mwaka ule kiwanda kilihamishwa. Kutoka bondeni, karibu na usawa wa bahari, kikapandishwa mlimani, mita elfu mbili juu, kulikokuwa na majengo mapya na maji safi. Ghala la unga lilibaki kule chini. Mizani zilikuwa mbili pacha, moja ikabaki ghalani, nyingine ikapakiwa kwenye lori pamoja na viti na makabati. Utaratibu ukawa huu: unga unapimwa chini, unafungwa kwenye mapipa, mapipa yanapigwa lakiri ili yasifunguliwe njiani, lori linayapandisha. Huku juu Mama Gramu anakata lakiri na kupima tena. Dereva wa lori alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Siku ya kwanza, pipa la kilo ishirini na tano lilipungua gramu kumi. Akalishusha, akalipandisha tena mizanini. Gramu kumi. Akapima la pili na la tatu, kumi zilezile. Akaandika alichokiona, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa: mpimaji haandiki anachotamani.

Wiki mbili zikapita hivyo, hakuna pipa lililotimia. Ijumaa meneja akamwita ofisini na kufunga mlango.

"Mama, lakiri zote zinafika salama," alisema, akiangalia kalamu yake badala ya kumwangalia yeye. "Kwa hiyo ni ama anayeyaleta mapipa, ama anayeyafungua. Na ninyi ni watu wa familia moja."

"Bosi, unaniambia mimi mwizi?"

"Sijasema hivyo. Ila Jumatatu mchana wakubwa wanakuja, na mimi lazima niwe na jibu."

Mama Gramu alitoka pale. Miaka kumi na tisa, leo anatiwa doa kwa vijiko viwili vya unga! Lakini lililomuuma zaidi hakulisema kwa mtu. Yeye alijijua hajachukua hata chembe. Basi kama si yeye, ni nani? Alijaribu kulifukuza wazo hilo, nalo likarudi kama nzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alipokutana na shemeji yake uwanjani akagundua kwamba mwenzake, aliyekuwa naye ameshaitwa ofisini, anamtazama kwa jicho hilohilo. Kwa kawaida mtu huyu hakupita bila utani. "Shemeji, unazeeka kimyakimya bila hata kutualika?" Siku hiyo alisema "hujambo" tu, akapanda lori lake.

Jumamosi mchana binti yake, mwalimu wa fizikia wa sekondari, akaja kumtembelea. Alimkuta mama ameketi jikoni, sufuria ya viazi mbele yake, macho mekundu.

"Saa nzima vinachemka, haviivi," alisema mama. "Hata viazi vimenigomea."

"Huku juu hewa ni nyembamba, mama. Maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Utazoea. Lakini hukulilia viazi."

Ndipo mama akafungua moyo, akamweleza yote, hata lile la shemeji, kisha akamsukumia karatasi aliyonakili kutoka daftarini. Binti akasoma huku akimenya kitunguu. Ghafla akaweka kisu chini.

"Pipa la kilo hamsini limepungua ngapi?"

"Ishirini."

"Na kopo la kilo tano?"

"Mbili. Kila mara."

"Mama, mwizi gani huyu anaiba kwa uwiano? Pipa likiwa kubwa maradufu, anachota maradufu. Kopo dogo, anachota kidogo, wala hakosei hata gramu moja! Mwizi angechota kwa kiganja." Akaanza kucheka. "Mizani yako ilirekebishwa mara ya mwisho wapi?"

"Kule chini, kabla ya kuhama. Huku fundi aliiwasha tu, akahakikisha inasoma sifuri."

"Na mawe yake ya kuihakikishia?"

"Yamo kwenye kreti fulani. Mizigo ya kuhama haijafunguliwa yote."

Binti akavuta kiti karibu. Akamweleza kwamba mizani ile haihesabu unga, inapima tu jinsi dunia inavyouvuta unga. Ukipanda mlima unajitenga kidogo na kitovu cha sayari, na mvuto unalegea. Tena dunia inajizungusha, na mzunguko huo unampunguzia kila mtu uzito kidogo, zaidi kwenye ikweta kuliko kwenye ncha. Ndiyo maana mizani kama ile ikihamishwa ni lazima irekebishwe palepale ilipo.

"Unga haujaenda popote, mama. Uko wote. Unavutwa kwa nguvu ndogo kidogo kuliko kule chini."

"Kwa hiyo hata mimi nimepungua?"

"Gramu ishirini na nane hivi."

"Nikadhani ni mawazo!" Na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akacheka, machozi yakimtiririka, viazi vikiendelea kuchemka bila msimamizi.

Jumatatu asubuhi, kabla wakubwa hawajafika, Mama Gramu alimwomba meneja mambo mawili: kreti ile itafutwe, na shemeji yake aitwe. Kreti ilikutwa chini ya mazulia yaliyokunjwa. Likatolewa jiwe la mizani la kilo ishirini, la chuma kitupu, lenye mhuri. Akalifuta kwa kitambaa, akaliweka mizanini taratibu. Maana mwalimu ni mwalimu, lakini je, akiwa amekosea?

Namba zikacheza, zikatulia. Kilo kumi na tisa, gramu mia tisa tisini na mbili.

Meneja akainama, akasoma tena. Shemeji akachungulia juu ya bega lake.

"Bosi, na hicho chuma nacho nimekilamba mimi njiani?"

Kila mtu akaangua kicheko, na meneja akacheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeteremshiwa gunia mgongoni. Ikajulikana kwamba hata yeye usingizi ulikuwa umempaa, kwa kuwa hakupenda kuwashuku. Mkaguzi wa vipimo akaitwa, akairekebisha mizani mpaka jiwe likasoma ishirini kamili. Kisha mapipa yaliyokuwa bado hayajatumika yakapimwa upya, moja baada ya jingine. Yote yalitimia. Wakubwa walipowasili walikuta meneja amewakusanya wafanyakazi, anawaomba radhi wawili hao mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika.

Baadaye Mama Gramu alimfuata shemeji yake kwenye lori. Alikuwa akifuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari.

"Shemeji, nisamehe. Nilikufikiria vibaya."

Akaacha kufuta. "Vibaya kiasi gani?"

"Nilikuona kabisa, na kijiko mkononi."

"Afadhali wewe. Mimi nilikuona na ndoo." Akatabasamu, kisha tabasamu likatoweka. "Siku tatu sikuweza kumtazama mke wangu usoni. Nitamwambia nini, dada yako mwizi? Nisamehe na wewe."

"Yamekwisha."

"Basi panda. Mdogo wako anakusubiri, amesema nisirudi bila wewe."

Akapanda. Lori lilianza kuteremka taratibu, kona baada ya kona, na jua la saa kumi lilikuwa linaingia dirishani. Shemeji alikuwa anasimulia habari ya tairi lililompasukia mwezi uliopita. Hadithi ilikuwa ndefu, yenye chumvi nyingi. Alipogeuka kuona kama anachekwa, alimkuta Mama Gramu ameegemea kiti, mdomo wazi kidogo, amelala fofofo. Akapunguza mwendo asije akamwamsha.